Dakika Sitini na Tano Kabla

Kengele yetu si kengele.
Ni kipande cha reli, urefu wa mkono,
kimening'inizwa kwa waya nje ya ofisi ya walimu,
na nondo ya kukipigia hulala juu ya mita ya maji.
Wasichana elfu moja na mia tisa
walikuwa wakiamshwa na mkono wangu wa kulia.

Saa kumi na nusu alfajiri, Makadara bado imejifunika,
mbwa wa bawabu pekee ndiye aliyenisalimu.
Nikipiga, kila bweni lilinitukana kwa namna yake:
Nzoia kwa Kibukusu kilichonyooka,
Tana wakimwomba Mungu nife,
kidogo tu, hadi saa mbili.

Saa ya shule ilipwaya kifundoni,
mkanda wake umeungwa kwa plasta ya zahanati.
Alinivisha Nyaboke, mtangulizi wangu, akasema:
Usimpende mtu. Dakika haina rafiki.
Nikakubali. Nilikuwa kidato cha tatu,
nilikubali mambo mengi.

Kisha Ijumaa ile ya muhula wa pili
mhasibu akaja gwarideni na karatasi,
akasoma kama asomaye matokeo ya mpira:
jina, kiasi, jina, kiasi.
Mia mbili na saba.
Wawe nje ya lango ifikapo saa sita.
Chakula cha mchana ni saa saba kasorobo.
Hesabu hiyo haikuhitaji kikokotoo.

Dirishani niliwaona wakipanga mstari,
Julai ya Nairobi, baridi isiyonyesha wala kuondoka.
Habiba alikuwa akifunga soli ya kiatu kwa uzi.
Mumbua alivaa sweta mbili; kwao ni Mutomo,
basi ni la jioni.
Ubaoni, vekta zilikuwa zikielekea zinakojua.
Nikaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Saa tano na dakika arobaini nikashika nondo.
Sijui niliwaza nini. Nakumbuka ubaridi wa chuma.
Nikapiga ile ya chakula:
tatu, pumziko, tatu.

Na shule nzima ikasimama.
Mwalimu wa Kemia aliacha mlinganyo bila kusawazishwa.
Wapishi walitoka na miko wakilitafuta jua,
jua lenyewe halikuwapo.
Githeri haikuwa imeiva, mahindi yalibishana na meno,
lakini foleni ilishaanza, na foleni kama ile
hairudishwi na mtu mwenye mwiko.
Mia mbili na saba walikula
mabegi yakiwa mgongoni.

"Saa yako ina nini?" akauliza Bi. Kageha, naibu.
"Ilikimbia, Mwalimu."
Akaitazama mkononi mwangu: sahihi hata kwa sekunde.
Akaitazama tena.
Nje, lango lilikuwa likifungwa.
"Ilete," akasema. Hakuuliza lingine.

Nilisugua masufuria wiki mbili.
Habiba alirudi na risiti iliyokunjwa mara nane,
akataka kujua tumefika ukurasa gani.
Godoro la Mumbua bado limekunjwa,
bweni la Athi, kitanda cha juu.

Sasa apigaye ni Chemutai,
kwa dakika kamili, kwa uaminifu wa kuudhi.
Alfajiri namtukana kama wenzangu.
Kisha nalala chali, nahesabu mapigo,
na chini ya blanketi
mkono wa kulia unasogea wenyewe.