Farasi wa Barabara ya Kumi na Moja

Kitabu chenyewe kilikuwa daftari,
kurasa kumi na sita zilizoshonwa kwa uzi wa gunia,
jalada boksi la sabuni.
Shangazi Mwanamkasi alikichora kwa penseli sita za rangi
mwaka nilioumwa surua, kwetu Ngamiani,
nimelazwa chumba cha nyuma, pazia limeshushwa.

Farasi hajapata kumwona.
Alichokuwa nacho ni punda wa Shemhilu muuza maji,
aliyesimama mlangoni kila alfajiri na pipa lake.
Akamhamishia kwenye karatasi, akamrefusha miguu,
akamsuka singa za shingo kwa rangi ya hudhurungi.
Masikio akasahau kuyapunguza.

    Palikuwa na farasi,
    hana mbio, hana kasi,
    kazi yake si rahisi:
    kuvuta pipa la maji.

"Huyu punda," nikasema.
"Farasi."
"Mbona masikio yameota hivyo?"
"Ya kusikilizia. Anayeota sana
lazima aisikie treni ingali Muheza."

Nikacheka, na kucheka kuliwasha mwili mzima.
Treni yenyewe ilikuwa haiji tena.
Stesheni, nyasi zilikuwa zimeota katikati ya reli,
paka wa mlinzi akiota jua juu ya mizani ya mizigo,
nami kitandani, na homa yangu, nikaota farasi.
Kila kilichoachwa peke yake Tanga mwaka ule
kilikuwa kinaota.

    Usiku yuko zizini,
    mawazo yako relini,
    ajiona ni injini,
    apita kila kijiji.

    Korogwe wakashangaa,
    Mombo wakawasha taa,
    watoto wakazagaa
    kuona mvuta maji.

Rangi ya chungwa iliishia ukurasa wa tisa,
kwa kuwa behewa lilijaa machungwa ya Muheza
na shangazi aliyachora moja moja, kila moja na kikonyo chake.
Kijani kikafia milima ya Usambara.
Nyeusi ilikwenda yote kwenye moshi:
farasi akishajiona injini, atafanyaje asitoe moshi?
Bluu ilibaki kipande cha ukucha;
mtoto wa jirani akakitafuna.

Ukurasa wa mwisho haukuwa na kitu.

"Amefika wapi?"
"Moshi."
"Moshi ule alioutoa?"
"Moshi mji, wewe! Tena kapitiliza, kapanda mpaka kwenye theluji."
"Simwoni."
"Na yeye si mweupe? Mweupe ndani ya weupe, utamwonaje?"
"Rangi zimekuishia, shangazi."
Akaguna, akaenda kuepua maharage.

Nilimnunia siku mbili.
Kisha surua ikaondoka, nikarudi shule,
daftari likaingia sandukuni chini ya kanga za kuzikia
ambazo baadaye, kwa zamu yao, zilitoka.

Juzi umeme ulikatika.
Tunu wangu, asiye na meno ya mbele,
alitaka hadithi na hakutaka ya simu.
Nikamsomea kwa mshumaa, nikafika mwisho,
nikamwambia kama nilivyoambiwa: theluji, mweupe, haonekani.
Yeye hakubisha. Akaweka kiganja juu ya ukurasa
kama anayepima homa ya mtu.

"Mama, hapa pana miguu."

Nikainamisha karatasi kwenye mwali.
Kalamu kavu, isiyo na tone la wino,
ilikuwa imepita hapa kwa kukandamiza,
ikaacha mifereji myembamba kama mikunjo ya kitambaa:
kwato nne hewani,
mgongo bila pipa,
singa zikipepea upande wa kulia, kulikotoka upepo wa mlima,
na masikio,
marefu vilevile.