Hakuna Kitu

Mara ya tatu mwezi huu, saa nane za usiku,
Shinuna kajikunja kiti cha nyuma kama jongoo,
na mimi nimevaa kandambili zisizo jozi.

Hospitali ya Ibra. Kiyoyozi kinavuma.
Nesi anamwonyesha nyuso sita kwenye kadi,
kuanzia inayocheka hadi inayolia:
"Chagua iliyo yako."
Kaziangalia zote, polepole. "Yangu haimo."

Damu safi. Mkojo safi. Picha ya tumbo
daktari kaigeuza kwenye mwanga: safi.
Kauliza kwa Kiarabu, mtoto kajibu kwa Kiarabu,
kisha kanigeukia, kwa Kiswahili:
"Linasokota, mama. Mimi sisemi uwongo."

Nani kakwambia unasema uwongo?
Nikakumbuka: mimi. Juzi, mlangoni,
begi la skuli mkononi, gari inanguruma.

Bibi yake, Bi Zuweina, alimfunga mvuje kiunoni;
harufu imejaa pazia hadi pazia.
Nesi hakuukata. Kausogeza tu, apitishe kipimo,
akaurudisha.

"Hakuna kitu," kasema daktari, mtu mpole, kachoka.
Akavuta kiti, akakaa.
"Maana yake, mimi sijakiona. Kuuma, linauma."

Sijui kwa nini nikalia hapo.

Alfajiri tunarudi, milima ndiyo inaanza kupata rangi.
Sikumuuliza kama linauma bado.
Penye taa nyekundu nikanyoosha mkono nyuma,
nikaushika mguu wake, soksi moja imevuka.
Taa ikawa kijani.
"Usiachie," kasema.