Dirisha la Tatu

Nilikuwa na kanuni saba, nimeziandika kwa wino wa kijani,
nimezibandika juu ya ubao kwa gundi ya karatasi.
Ya kwanza: *tunanyoosha mkono.*
Kufika saa tatu na robo, upepo wa Punta Arenas
ulikwisha kuing'oa ya nne na ya tano,
na mikono iliyonyooshwa ilikuwa inarusha vifutio.

Chuoni walinifundisha mengi juu ya nidhamu,
hawakunifundisha bati.
Bati likichapwa na upepo wa Oktoba
darasa la nne B huwa mzinga uliopigwa teke:
watoto thelathini na mmoja, na kila mmoja ana habari
isiyoweza kungoja kengele.

Nikapaza sauti. Wakapaza.
Nikaongeza. Wakaongeza, tena kwa raha,
kama watu wanaovutana kamba na mgeni.
"Nyamazeni!" ya tatu ilinikatikia kooni,
na Ignacia Barría akaiiga
vizuri kuliko nilivyoisema mwenyewe.

Nyuma ya darasa, mwalimu Eliana Oyarzún,
miaka ishirini na sita ya chaki vidoleni,
hakuinua macho kutoka kwenye daftari lake.
Asubuhi, akinimiminia chai, aliniambia neno moja tu:
"Yasna, ukiona hawakusikii, ujue hujawatazama."
Nililidharau. Nilitaka dawa, akanipa fumbo.

Basi nikanyamaza. Si kwa hekima,
kwa kuishiwa.
Nikatazama.
Ndipo nikaliona dirisha la tatu,
komeo limelegea, linafunguka, linajibamiza, pa!
linafunguka tena,
na Bastián, yule niliyemwandika jina ubaoni mara mbili,
hakuwa akisimama ovyo:
kila pigo lilimwinua kitini
kama mtu anayeitwa.

Nikaenda hadi mezani pake. Nikainama. Nikanong'ona,
"Unaweza kunishikia dirisha lile?"

Akalishika kwa mikono miwili hadi mwisho wa kipindi,
mgongo umenyooka kama askari wa bendera.
Waliomzunguka wakapunguza sauti, wakitaka kusikia
siri gani aliyopewa.
Na kutoka pale dirishani, bila kugeuka,
akanijibu kwamba robo mbili ni nusu.

Nilifuta jina lake.
Sikufundisha nusu ya nilichopanga.
Robo, labda.

Jioni walikuwa wamefunga kamba kandokando ya barabara
tushike tusipeperuke.
Mbele yangu, kwenye kamba ileile, mkono mdogo.
"Mwalimu!" akapiga kelele,
na safari hii kelele ilikuwa halali,
"kesho naleta waya!"

Kesho yake akaleta waya.
Ignacia akaleta panya.