Nusu Kidole

Ganzi ilianzia kidole cha mwisho,
ikapanda kama maji kwenye kitambaa cha pamba,
hata asubuhi nikawa siwezi kutunga uzi
mpaka nisugue viganja kwenye sketi.
Goti la kulia nalo lilikuwa na neno lake
kila nikitoka Pasua, kila nikivuka reli,
maana Moshi hii ukienda mjini unapanda:
mlima umelivuta shuka upande wake.

Nikasema ni umri.
Nikasema ni cherehani, ni baridi ya mwezi wa saba.
Nikajichua. Baiskeli sikuishuku.
Niliinunua Memorial, mtumba, ya kijani,
ubavuni maandishi ya lugha nisiyoijua,
na siku ile ile niliona usukani uko mbali,
nikaazima spana, nikaisukuma siti mbele hadi ikagoma.
Nilidhani kukaribia ndiko kustarehe.

Kundaeli hakugusa kitu.
"Panda," akasema, "shika ukuta."
Akanitazama kwa ubavuni
kama mimi ninavyomtazama mteja aliyeingia na gauni la dukani:
jicho linatafuta panapovuta.
"Dada Ndeshi, wewe huendeshi.
Unapiga pushapu barabarani."

Akaomba uzi. Mkobani sikosi uzi,
mweusi, wa sare za shule.
Akafunga nati ndogo mwishoni,
akaleta pedeli mbele, sawa na ardhi,
akaushika uzi pale mfupa wa goti unapotokeza,
akauachia.
Nati ikabembea, ikatulia
mbele ya pedeli, mbele kabisa,
juu ya maganda ya miwa na vumbi lililolewa grisi.
"Umeona? Goti linatangulia mguu."

Akalegeza boti. Akafuta kutu.
Kwenye vile vyuma viwili chini ya siti
palikuwa na mkwaruzo, mweupe,
mahali ilipokaa miaka kabla ya kontena.
"Huyu ndiye aliyekuwa nayo."
Akairudisha pale pale, nikapanda,
nikawa kama nimeketi kwenye kiti cha mgeni
na yeye bado hajainuka.
Mapaja yake yalikuwa marefu.
Sijui alikuwa akienda wapi kila siku,
wala kama huko kulikuwa na mlima.
"Hapana," nikasema. "Hii ni nguo ya kaka."

Basi mbele kidogo. Nusu kidole. Panda. Shuka.
Nyuma tena, upana wa pindo.
Pua ya siti isitazame mbingu, isiiname kuomba radhi.
Panda. Uzi.
Nati ikazunguka, ikasita, ikasimama
juu ya kitovu cha pedeli.
"Sasa inua mikono."
Nikainua.
Sikuanguka mbele. Kiuno kilinishika,
na vile viganja, vilivyozoea kubeba kifua changu
kutoka nyumbani hadi kazini,
vikabaki hewani, havijui vifanye nini.

Elfu moja. "Rudi baada ya wiki," akasema,
"mwili nao una maoni."

Kwenye mzunguko nilisubiri goti liseme.
Lilinyamaza. Kesho sijui.

Dukani nikafungua daftari la vipimo,
nikatafuta jina la mama Anande,
aliyekuja mwezi wa kwanza na binti yake
akashika kiuno cha sketi, akasema inambana,
na mimi, pini mdomoni, foleni mlangoni,
nikamwambia: itaachia akishaizoea.
Nikampigia. Akadhani namdai.
"Ilete ile sketi," nikasema.
"Mbona alishazoea?"
"Ilete tu."

Uzi nimeusahau kwenye usukani.
Nati inagonga fremu kila nikipita kwenye shimo,
na mashimo ya Pasua
unayajua.