Moyo Uache

Burnley, mwezi wa tano. Nyuma ya nyumba
pana ua wa mawe, upana wa mikeka miwili.
Jua hupita hapo mbiombio kama mwenye deni.

Nimepanga kreti tatu za samaki, nimezitoboa chini,
udongo wa dukani, mfuko pauni sita,
na mbegu za letusi, laini kama ugoro.
Mchumia juani hulia kivulini, tulifundishwa.
Mimi nachumia kivulini
na humohumo nalia,
kwa maana zote mbili.

Mama kwenye simu aliitazama picha, akanyamaza.
"Hayo majani hamchemshi?"
"Hatuchemshi."
"Hata tui kidogo?"
Nikamsikia akimwambia mtu pembeni:
"Mwanangu kawa mbuzi."

Siku ya kwanza kuvuna niling'oa shina zima.
Bi Beryl akagonga ukuta kwa mkongojo.
"Wee! Kata ya pembeni, moyo uache!"
Akanirushia mkasi wake wa kushonea.
Siku kumi, majani yamerudi.
Nikakata. Yakarudi.

Nanaa nimeifunga peke yake kwenye ndoo;
ukiikaribisha barazani, kesho imelala chumbani.
Na alfajiri, nikitoka zamu ya usiku,
bado na sare ya hospitali, tochi mdomoni,
naokota konokono wasio na gamba kwa kijiko
na kuwahamishia ua wa kanisa.
Huko wakale maua ya harusi.

Giligilani ndiyo iliyonishinda.
Mwezi wa sita, saa nne usiku bado kweupe,
ikadhani umri umeisha.
Ikarefuka, majani yakawa nyuzi,
juu ikatoa maua meupe, membamba,
kama mtu anayeandika wosia kwa haraka.
Nilitaka kuing'oa. Lakini wiki ile
Bi Beryl walimchukua kwa gari la wagonjwa,
na ukuta ukabaki ukuta tu.
Sikukata kitu.

Mwezi wa tisa nilizisugua punje kiganjani,
na jikoni kwetu Tanga pakafunguka:
kinu, Ijumaa, mtu akigombana na mkaa.
Nikatwanga. Nikapika kuku wa nazi.
Nikabeba bakuli, nikazunguka mbele,
maana sasa mlango wake ulikuwa na taa.

Nyonga mpya. Amekonda.
Alichokoa mchuzi kwa uma, akapata punje iliyoponyoka kinu,
akaitafuna polepole, akakunja uso,
akatafuna tena.

"Haya," akasema. "Na mkasi wangu uko wapi?"