Rangi ya Bluu Bahari

Umeniletea visanduku vitatu vya breki kwenye mfuko wa salfeti,
Shekalaghe, kama mtu aliyebeba kuku waliokufa kwa kideri.
"Vyote vibovu, Fundi Mwanakheri. Nitafutie cha nne."
Ngoja kwanza.
Hapa Barabara ya Kumi na Tano hatuziki kabla ya kupima.

Weka gari pale, mbele ya muuza mihogo.
Tela lisogee mpaka kwenye kivuli cha ukuta:
nitakayelala chini ni mimi, si wewe.

Unasema ukiteremka Soni na matanki ya maziwa
tela linakusukuma mgongoni kama mdai.
Unakanyaga; kataa kekundu kanapepesa, kanazima.
Kisanduku kipya hukaa wiki, kikafa.
Na ukiwasha indiketa ya kushoto
taa zote za nyuma hucheza kama kuna harusi.
Hilo la harusi ulilisema ukicheka.
Mimi sikucheka. Nililiandika kiganjani.

Fyuzi: nzima.
Swichi ya pedeli: nzima, ina vumbi la viatu vyako tu.
Plagi ya pini saba: chumvi ya mji huu imeota humo,
nikaisugua kwa mswaki wa zamani.
Waya wa bluu, ukibonyeza kitufe cha mkononi:
volti kumi na mbili na ushee.
Basi gari linatoa.
Sumaku za magurudumu, moja moja:
omu tatu, omu tatu, tatu na kidogo, tatu.
Basi tela liko tayari kupokea.

Mtoaji yupo, mpokeaji yupo,
na kitu hakifiki.
Hapo ndipo watu hununua kisanduku cha nne.

Lakini umeme si mgeni wa kwenda tu.
Ukiufungia mlango wa kurudi
hautoki nyumbani kabisa.
Nikatambaa, shavu mchangani, nikaufuata waya mweupe,
ule wa arthi, ule usioulizwa hali na mtu,
mpaka pale ulipofungwa kwa bolti kwenye chesisi.

Na pale nilikuta rangi.

Bluu bahari. Mikono miwili,
juu ya bolti, chini ya bolti, katikati ya chuma na chuma.
Uliipaka lini?
"Kabla ya Idi," ukasema, taratibu.
"Nilifungua kila kitu, nikapaka, nikafunga. Lilipendeza."
Lilipendeza kweli.
Tangu siku hiyo arthi yako ilipitia kwenye mpira wa kukokotea,
penye grisi, kwa kubahatisha:
leo chuma kimegusa chuma, kesho hakikugusa.

Msasa. Dakika tano. Chuma kikang'aa kama jino.
Nikakaza, nikakwambia bonyeza.
Magurudumu manne yakajibu pamoja, mngurumo mdogo
wa paka aliyekubali kushikwa.
Kataa kakawa kijani, kakatulia.

Kisha nikavijaribu visanduku vyako, kimoja kimoja.
Vyote vizima.
Nilidhani utafurahi, au utalia na pesa zako.
Ulikaa juu ya tairi la akiba, ukakishika cha pili,
ukakigeuza, ukakigeuza.

"Hiki," ukasema, "ndicho nilichomfukuzia Hiza."
Utingo wako. Kijana wa Pongwe, mwenye kigugumizi,
ambaye siku ile hakuwahi kumaliza sentensi.
Ulisema kachezea waya makusudi.
Ulimshusha Korogwe usiku, na begi lake.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.
Nililisema hilo chini ya gari, kwa bisibisi.
Kwako nilisema: elfu ishirini na tano.

Ulitoa hamsini, hukungoja chenji.
Nikakwambia liache tela hapa, Pongwe utaenda upesi zaidi.
"Naenda nalo," ukasema, mlango uko wazi,
mguu mmoja bado mchangani.
"Naenda nalo. Nitamwomba akanyage yeye."