Kasoro

Asubuhi ya Isyonje haina mlima.
Rungwe umejifunika ukungu hadi kidevuni
na viazi vinapanda lori vingali na udongo,
lumbesa juu ya lumbesa, vilemba vyao vimeshonwa kwa katani.
Shangazi Nsubisi kakalia debe,
mikono ndani ya kanga,
kanga ndani ya sweta la kiume.

Mnunuzi wa Dar anabonyeza simu.
Magunia tisini na saba. Moja elfu tisini na sita.
Anabonyeza, anafuta, anapulizia vidole,
baridi ya huku hawajatambulishana.

Shangazi haitazami simu. Anaitazama mia.
Tisini na saba ni mia kasoro tatu.
Tisini na sita ni mia kasoro nne.
Toa nne ya huyu kwenye mwili wa yule: tisini na tatu.
Kasoro kwa kasoro, tatu mara nne: kumi na mbili.
Zisimamishe bega kwa bega.
Milioni tisa, laki tatu na elfu kumi na mbili,
na mimi mate sijayameza.

Mnunuzi anasoma, kioo kakilaza kifuani:
"Milioni tisa, laki mbili na elfu kumi na tatu."

"Ulimi umeteleza, baba.
Umeteleza laki moja kasoro elfu.
Ajabu ndimi zenu haziteleki kupanda,
ni kushuka tu, kama baiskeli Mlima Nyoka."

Wapakiaji wakacheka hadi gunia likaanguka.

Shule aliishia la pili.
La tatu walimsomea kaka zake.
Hesabu aliiokota Tukuyu, dukani kwa Jamnadas,
akisugua sakafu
mzee akimfunza mwanawe kanuni za kwao, za kale, kando ya mizani.
Mtoto analia, chozi juu ya daftari,
na chini pale, kwa magoti,
msichana wa Kinyakyusa ameshapata jibu,
amelifunika kwa tambara.

Mimi alinifunza kwa chenji.
Elfu kumi, toa elfu sita mia tatu hamsini.
"Zote zidai tisa, ya mwisho idai kumi."
Sita inadai tatu. Tatu inadai sita.
Tano, ya mwisho, inadai tano.
Elfu tatu mia sita hamsini, mteja asante, karibu tena.
Nikiuliza kwa nini,
ananipa ndoo nikachote maji.

Kwa nini yenyewe nilikutana nayo kidato cha pili.
Nikarudi na aljebra, nikaichora kwa mkaa nyuma ya mlango:
mia kutoa a, mia kutoa b.
Akaikagua kama mtu anayekagua mbegu.
"Hizi ndizo kasoro zenyewe?
Kumbe mmezipa majina. Vizuri."

Lakini lugha ilijua kabla ya a na b.
Saa tatu kasorobo, tunasema,
na hakuna anayeshangaa
kwamba tumeutaja muda kwa kipande ambacho hakijafika.

Siku moja nilikosea.
Tisini na tisa mara tisini na nane.
Moja imepungua, mbili zimepungua,
tisini na saba, halafu mbili.
Nikaandika mia tisa sabini na mbili, nikajisifu.

Shangazi hakunicheka.
Alikuwa anapakua ndizi, na kama kila jioni
kigoda cha Ambokile kilikuwa mahali pake karibu na moto,
Ambokile aliyekwenda Chunya kuchimba dhahabu
mwaka ambao mimi nilikuwa sijaota meno.
Paka alikuwa anakitamani. Akamfukuza kwa mwiko.

"Umeacha sifuri," akasema.
"Mia ina vigoda viwili nyuma yake.
Mbili kakaa kimoja.
Cha pili hakina mtu, lakini hukitoi,
ukikitoa wote waliobaki wanakaa pasipo pao."

Nikafuta. Nikaandika upya:
tisini na saba,
sifuri,
mbili.